Monita ikilia, mwendeeni mgonjwa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uuguzi hapa Tanga, iwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya huko Pangani, monita, ile mashine inayoonyesha mdundo wa moyo, ikilia msikimbilie kioo chake. Mwendeeni mgonjwa. Mwite, mtikise mabega, tazama kama anapumua, gusa mapigo ya shingoni kwa muda usiozidi sekunde 10. Nasisitiza hili kwa sababu joto letu linatoa jasho, stika za kifuani zinabanduka, na mstari unanyooka kana kwamba moyo umesimama ilhali mtu anakutazama. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kioo kinaonyesha mdundo mzuri, shingoni hakuna kitu. Umeme wa moyo upo, damu haisukumwi.

Mapigo yakikosekana, ita msaada kwa sauti na uanze kukandamiza kifua papo hapo. Usimsubiri daktari. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila mara uache kifua kirudi juu. Pokezaneni kila dakika 2, kwani aliyechoka hukandamiza juujuu hata kama mwenyewe hajihisi kuchoka. Wala msidanganyike na pumzi za kutweta zinazokuja moja moja, au mtukutiko mfupi ambao ndugu watauita kifafa. Moyo ukisimama, vyote viwili vyaweza kutokea.

Mashine ya kushtua moyo ikifika, ulizeni kama mdundo huo ni wa kushtuliwa. Vyumba vya chini vya moyo vikitetemeka ovyo, au vikienda mbio bila mapigo, shtueni mapema: kausheni jasho kifuani, sogezeni oksijeni, hakikisheni hakuna anayemgusa mgonjwa wala kitanda. Kisha mikono irudi kifuani mara moja. Mstari ulionyooka haushtuliwi. Hapo ni kukandamiza, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na kusaka chanzo: damu iliyopotea, potasiamu iliyozidi au kupungua mno, upungufu wa oksijeni.

Mwenye mapigo yanayokwenda mbio au polepole mno, pimeni presha, angalieni fahamu, ulizeni maumivu ya kifua. Presha ikishuka au akianza kuchanganyikiwa, daktari aitwe sasa hivi, huku mkiweka kanula, mrija mdogo wa mshipani, na kuandaa mashine ya kushtua moyo.

Mmoja wenu aandike saa ya kila dawa na kila mshtuo. Mwingine atoke akazungumze na ndugu, maana wamesikia kelele zote na hawajui kinachoendelea.