Fundi anataka kuweka "cheti cha usalama" kwenye kompyuta yangu

Swali: Kampuni ya intaneti ilimtuma fundi kubadilisha ruta. Alipomaliza aliomba kompyuta yangu aweke faili dogo, "cheti cha usalama", eti virusi vizuiwe kabla havijanifikia. Nimemwambia arudi wiki ijayo. Nimruhusu?

Jibu: Ruta aishike, kompyuta hapana.

Ruta mara nyingi ni mali yao na wanaihudumia wakiwa ofisini kwao. (Hata hilo lina hatari zake: Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom, Ujerumani, walipata matatizo ya mtandao baada ya wadukuzi kushambulia ruta kupitia njia ya matengenezo.)

Cheti ni habari nyingine. Ukifungua tovuti ya benki, kivinjari hukagua kama utambulisho wake umegongwa muhuri na mamlaka inayoaminika. Ukiweka cheti cha fundi kwenye orodha ya mamlaka hizo, kampuni nayo inapata muhuri. Mtambo wao unaweza kukaa katikati, ukajifanya benki, ukafungua kila kitu, nywila zikiwemo, kisha ukafunga upya na kukipeleka kinakokwenda. Wewe utaona alama ya kufuli ipo palepale. Ni kama mlinzi wa geti anayefungua barua zako na kuzibandika tena kwa lakiri.

Kazakhstan waliyaona haya. Julai 2019 kampuni za simu ziliwataka wateja wa mji mkuu waweke cheti cha serikali, kwa jina la kuwakinga na wadukuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipopima, mawasiliano yaliyoingiliwa yalikuwa ya tovuti kama Facebook, Twitter, Instagram, YouTube. Virusi gani hivyo? Agosti zoezi lilisitishwa, na Google, Mozilla na Apple wakakifungia cheti hicho kwenye vivinjari vyao.

Kama una wasiwasi kwamba ameshakiweka, na unatumia Windows: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, kisha fungua folda ya pili kutoka juu, ndiyo orodha ya mamlaka zinazoaminika. Ukikuta jina la antivirasi yako usishtuke. Jina la kampuni ya intaneti, lifute. Firefox ina orodha yake, ikague pia.

Wakitaka kweli kuzuia tovuti hatari, wanaweza kufanya hivyo kwenye DNS yao (mfumo unaotafuta anwani ya kila tovuti unayoandika jina lake) bila kugusa mashine yako. Fundi akirudi mwulize kama huduma itakatika ukikataa. Akisema ndiyo, aandike na kusaini.