Kwa wasomi (wanasheria wenzangu) mnaoanza kuratibu mawakili wa kujitolea

Juzi msomi mmoja mgeni ofisini kwetu, ofisi ya msaada wa kisheria, kaniuliza, dada, mimi nina mawakili arobaini kwenye grupu la wasap, mbona nikiweka kesi wanasoma halafu kimya? Nikacheka, maana mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafanya hivyohivyo. Natupia meseji "wasomi kuna mama ana kesi ya ardhi hana uwezo, mwenye nafasi tafadhali", tiki za bluu zinajaa, mmoja anaweka vikono vya amina, basi imeisha hiyo.

Wale watu hawana roho mbaya. Wakili akisoma "kesi ya ardhi" kichwani anaona Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri linatajwa, linaahirishwa, mwenyekiti hayupo, njoo mwezi wa nane, na yeye ana kodi ya ofisi ya kulipa. Hajui anaingia kwenye kazi ya wiki mbili au ya miaka mitatu, sasa atasemaje ndiyo? Siku hizi siweki kwenye grupu, nampigia mtu mmoja, na kabla sijapiga nina ukurasa mmoja mkononi: mteja ni nani na anagombana na nani, shauri liko wapi, tarehe ijayo, siku ya mwisho ya kufungua kitu, karatasi zipi zipo na zipi hazipo, halafu kazi ninayomuomba. Kazi yenyewe naikata. Simwambii chukua kesi, namwambia nisaidie kuandika majibu ya madai, au nipe saa moja umuandae mama ajisimamie mwenyewe siku ya ushahidi. Wengi wakishaonja kipande wanabaki mpaka hukumu, wasipobaki pia nashukuru, kipande kimefanyika.

Kwenye hesabu ya siku za mwisho naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo nilipoumia. Mzee mmoja alikuja kwetu kashindwa barazani, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, alipofika zilikuwa zimebaki kama 25 hivi. Nikampa wakili mkubwa tu, mtu ninayemheshimu, akasema "nitaliangalia". Mimi kwa nidhamu ya shikamoo kaka nikaona aibu kumsumbua. Wiki nne zikapita, napiga simu ananiambia msomi faili lako hata sijalifungua. Ikabidi tuanze na maombi ya kuongezewa muda, na sababu za kuchelewa zenyewe ni sisi! Tangu hapo neno nitaliangalia kwangu ni hapana, namuachia siku tatu nahamia kwa mwingine, na sioni aibu tena. Halafu siku hukumu inaposomwa, mteja aandike barua ya kuomba nakala siku hiyohiyo na abaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, msingoje wakili apatikane ndio barua iandikwe, maana muda wa kusubiri nakala utakuja kuuombea utolewe kwenye hesabu na hiyo barua ndio shahidi wako.

Kesi za kazi ni hatari zaidi. Mtu kaachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai mengine kama mshahara siku 60. Wateja wetu wengi wanakuja wakiwa wameshazunguka kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa kazi, mchungaji, mpaka kwa mbunge, kwa hiyo swali la kwanza mapokezi ni barua ya kuachishwa ina tarehe gani, hadithi inafuata. Ile fomu ya CMA jazeni wenyewe siku hiyo, wakili atakuta imeshapokelewa.

Ndoa pia ina mtego wake. Tuliwahi kumpa kijana mmoja wa kujitolea kesi ya talaka, kaandika vizuri kweli, shauri likaondolewa kwa sababu hakukuwa na hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa kwamba wameshindwa kupatanishwa. Kosa halikuwa la yule kijana, faili nilimpa mimi. Na mama akikwambia "mimi sina kitu, nyumba alijenga yeye", usiandike hivyo ukaishia hapo! Muulize nani alikuwa anapikia mafundi, nani alichota maji ya tofali, nani alilima watoto wakala wakati baba anajenga. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ila wakili hawezi kuyajenga hayo kama wewe uliyemsikiliza mama hukuyaandika.

Mambo madogo nayapitisha haraka. Angalia e-Wakili, ule mfumo wa mtandaoni wa mawakili, kama leseni ya wakili ya mwaka huu iko hai, hasa mwezi wa kwanza. Mtajie majina ya pande zote kabla hujamwambia siri yoyote, kwenye miji yetu midogo mume anaweza kuwa mteja wake. Wasaidizi wa kisheria wa kwenye kata muwaheshimu sana, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, mahakamani hawasimami, lakini ndio wanaojua shahidi anaishi wapi na mpaka wa shamba ulikuwa mti gani kabla haujakatwa. Mimi kila faili naliwekea msaidizi wake, wakili akitaka kitu kijijini anampigia yule, hanipigii mimi saa mbili usiku.

Na mteja mwambieni mapema kwamba bure ni wakili tu, nauli na fotokopi bado zipo. Asipojua anatokomea siku ya shauri, wakili kasimama peke yake pale, mara ya pili hatapokea simu yako, na hapo umepoteza mtu ambaye ungempa kesi kumi. Siku moja kabla ya tarehe nawapigia wote wawili. Simu ya mteja mara nyingi inazima au kaiweka rehani, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa chukueni na namba ya jirani, ya binti yake, na ya duka anapochajia.