Akifa steringi wa mtoto wako, usimwambie "ni katuni tu"

Mimi nimekulia vibanda umiza vya Pasua hapa Moshi, na huko sheria ilikuwa moja tu, steringi hafi. Kwahiyo 2023 mpwa wangu alipokuja kwangu analia eti Kamala Khan, yule shujaa wa komiki anayeitwa Ms. Marvel, kauawa, mi nikacheka. Nilichemka vibaya na ndo maana naandika hapa, maana nyie wenye watoto wanaosoma komiki na nyie yatawakuta.

Huyu mpwa wangu ni binti wa Majengo, anafunga, anavaa hijabu, alafu siku moja akakutana na shujaa ambaye naye ni binti wa Kiislamu, wazazi wake ni Wapakistani waliohamia Marekani, na tangu 2014 ana komiki yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa anamsoma kwenye tableti yangu jikoni huku anamenya ndizi za mtori, skrini yote utomvu, nikigomba anaifuta na kanga anaendelea.

Sasa nikamwambia achana nayo, ni katuni tu. Akazidi kulia. Nikaona nijifanye mjuzi, nikamwambia hawa huwa wanarudi bana, Superman aliuawa 1992 na mwaka uliofuata yupo anapaa kama kawa, na Jason Todd yule Robin wa pili, msaidizi wa Batman, ndo usiseme, 1988 wasomaji waliambiwa wapige simu wachague aishi au afe, 5,343 wakasema afe, 5,271 aishi, yani kura 72 tu dogo akafa, na bado 2005 akarudi. Nikajiona nimemaliza.

"Sasa mjomba, kama wanarudi, mimi nimelia nini?"

Nikabaki naangalia sufuria. Yani nilikuwa nimemnyang'anya hata kile kilio chake. Kwahiyo kama una mtoto kwenye hali hii habari za kurudi ziache kabisa, muulize tu kilichomuuma ni nini alafu unyamaze. Mimi nilichelewa kuuliza, na jibu lake sikulitegemea: "Kafia kwenye kitabu cha mtu mwingine."

Na ni kweli jamani. Kafia kwenye komiki ya Spider-Man, tena akiwa amejigeuza sura ya Mary Jane, mpenzi wa zamani wa Spider-Man, sura yake mwenyewe ikarudi dakika za mwisho tu. Mashabiki huko duniani walilalamikia hilohilo. Na sio jambo jipya, Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, kauawa 1973 na hadithi yote ikawa uchungu wa Spider-Man, msichana anakufa ili mwanaume ndo aumie, hapo na mimi mtu mzima nikakasirika.

Kitu kingine, alitaka tumtumie mwandishi matusi. Nikakataa, nikamwambia andika stori imeharibika wapi, hayo matusi atayapata ya kutosha kwa wengine. Kaandika ukurasa mzima kwenye daftari la hesabu, mpaka leo ninalo.

Basi, haikufika hata miezi miwili, Julai hiyohiyo Kamala kafufuliwa kwa kina X-Men, kundi lingine la mashujaa. Nikakimbia jikoni na tableti nimpe habari njema. Akauliza, "Kafufukaje?" Nikamuelezea.

"Haya," akasema, akachukua ndizi nyingine akaanza kumenya. Tableti hakuigusa.