GPA 3.6 na uzamili Ujerumani bila wakala: hesabu na mpangilio wa hatua

Mkuu, umesema una shahada ya miaka mitatu ya sayansi ya kompyuta, GPA 3.6 kati ya 5, unataka kusoma uzamili Ujerumani kwa Kiingereza, na kuna wakala amekuambia "kule hakuna ada, lipa milioni tatu nikushughulikie". Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hili linarudi kila msimu, na watu wanapoteza mwaka mzima kwa vitu vinavyoweza kuhesabiwa mezani.

Tuanze na hiyo ada. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ni kweli. Ila jimbo la Baden-Württemberg, ambako kuna Heidelberg, Stuttgart, Freiburg na Karlsruhe, linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kilianza kutoza muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa uzamili ni yuro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kwingine unalipa mchango wa muhula tu, yuro 100 hadi 350 hivi, na mara nyingi tiketi ya usafiri imo humo. Vyuo binafsi vinatoza ada kamili, na mawakala wengi wanapenda kukupeleka huko kwa sababu kamisheni yao inatoka huko. Kwa hiyo kabla hujampa mtu senti, mwambie akutajie chuo na kozi. Akizungukazunguka, achana naye.

Sasa GPA yako. Wajerumani wanaihesabu upya kwa kipimo chao, ambacho 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako: 5 toa 3.6 ni 1.4, 5 toa 2.0 ni 3, 1.4 gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, ni 1.4, ongeza 1 unapata 2.4. Kozi nyingi za kompyuta zinakata kwenye 2.5, kwa hiyo umo, ila pembeni. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili. Mwenye 3.4 anapata 2.6, na kwenye kozi yenye kikomo hicho maombi yake yanakwama hapohapo. Hakikisha transkripti yako inaonyesha wazi, kwa kawaida nyuma ya karatasi, kwamba alama ya juu ni 5.0 na ya chini ya kufaulu ni 2.0. Kama haionyeshi, omba barua kwa msajili wa chuo. Wenzetu wa Kenya wanaopewa asilimia wana shida zaidi: mwenye wastani wa 65, ikichukuliwa 100 kuwa juu na 40 kuwa chini, anatoka na 2.75 hata kama darasani alikuwa wa pili. Barua inayoeleza mgawanyo wa alama za darasa zima haibadilishi fomula, lakini kamati inayotazama maombi kwa jicho la mtu inaweza kuizingatia.

Kinachowaangusha watu wenye GPA nzuri ni masomo yenyewe. Fungua kanuni za udahili za kozi, usiishie kwenye ukurasa wa matangazo. Utakuta masharti kama "ECTS 20 za hisabati, ECTS 15 za kompyuta ya nadharia". ECTS ni krediti za vyuo vya Ulaya. Mwaka mmoja wa masomo kule ni ECTS 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kwetu Tanzania, kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, mwaka ni krediti 120 na kila krediti ni saa 10. Somo lako la krediti 12 ukilihesabu kwa saa ni 120, yaani ECTS 4 ukigawanya kwa 30. Ukilihesabu kwa sehemu ya mwaka ni ECTS 6. Tofauti hiyo, ukiijumlisha kwa masomo matano ya hisabati, ndiyo inayokuingiza au kukutoa. Tengeneza jedwali: jina la somo, krediti, saa za darasani na za kujisomea, mwaka, mada kuu mistari mitatu, na kitabu kilichotumika. Omba idara ikupe maelezo rasmi ya kila somo yenye muhuri. Kazi hii inachosha na wakala hatakufanyia, lakini kwangu ina uzito kuliko barua ya motisha iliyopambwa.

Kozi zitafute kwenye hifadhidata ya programu za kimataifa ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, chuja kwa lugha na ada. Chagua sita au saba, zisizidi, na mbili kati yake ziwe kwenye miji isiyo na jina kubwa kama Chemnitz au Magdeburg. Kodi ya chumba huko ni nafuu mno ukilinganisha na München.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua vyeti vya waombaji wa nje. Ombi la kwanza ni yuro 75, kila linaloongezeka muhula huohuo yuro 30. Malipo yasipofika, faili haifunguliwi, hata kama nyaraka zimekamilika. Akaunti ifungue wewe, kwa barua pepe yako na nywila yako. Mtu akifunguliwa na wakala, barua ya "leta cheti hiki ndani ya wiki mbili" inaenda kwa wakala.

Tarehe ya mwisho inayojulikana kwa muhula wa Oktoba ni Julai 15, lakini kwa sisi ni mtego. Ukituma Julai, uni-assist wanachukua wiki nne hadi sita, jibu la chuo linakuja Septemba, na visa inaweza kula wiki sita hadi kumi na mbili kwa sababu ofisi ya wageni ya mji unaokwenda nayo inaweza kuulizwa. Masomo yanaanza hujaitwa hata ubalozini. Kozi nyingi za kimataifa hufunga Machi au Mei, nazo ndizo za kuzifukuzia. IELTS, mtihani wa Kiingereza, ifanye mwaka unaotangulia, Oktoba au Novemba. Wengi wanataka 6.5, na matokeo yanadumu miaka miwili. Barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza hukubaliwa na baadhi tu.

Hela ndiyo kizingiti kikubwa. Ubalozi unataka uonyeshe yuro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti iliyofungiwa, Sperrkonto, ambayo ukifika inakupa yuro 992 kila mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 3,000 kwa yuro ni zaidi ya milioni 35. Akaunti hizi hufunguliwa mtandaoni, kampuni za Expatrio na Fintiba ndizo zinazotumiwa sana. Kosa la kawaida: benki inayopitisha hela inakata makato njiani, zinafika yuro 11,870, na hati ya uthibitisho haitolewi. Mwambie mhudumu wa benki makato yote yalipwe na mtumaji, na ongeza yuro 80 hadi 100 juu. Anza taratibu za benki mapema, watataka barua ya udahili na maelezo ya hela ilikotoka. Usikope kwa mtu wa kukuwekea kisha aitoe. Imefungiwa, na kila mwezi utaihitaji wewe kula. Kama una ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha, anaweza kukudhamini rasmi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake badala ya hela hiyo.

Visa ni yuro 75. Ukinyimwa, ile njia ya zamani ya kuandika barua ya kupinga kwa ubalozi ilifutwa Julai 1, 2025. Unaomba upya au unakwenda mahakama ya utawala Berlin. Kwa hiyo mara ya kwanza iwe safi: kwa nini kozi hii, inaungana vipi na shahada yako, utafanya nini nayo. Maneno ya jumla kuhusu "elimu bora duniani" hayakusaidii.

Ukifika, sajili makazi ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba lazima akupe karatasi ya kuthibitisha umehamia. Chumba ambacho "hakiruhusu kusajili" kiache, maana bila usajili hupati namba ya kodi ya mapato. Mwenye chumba akisema yuko nje ya nchi, atakutumia funguo kwa posta ukilipa amana, huyo ni tapeli. Bima ya afya ya umma kwa aliye chini ya miaka 30 ni yuro 140 hadi 150 hivi kwa mwezi. Ukijitoa kwenda bima binafsi ya bei rahisi, kurudi ya umma huwezi mpaka umalize masomo.

Fikiria mwaka wa pili tangu sasa. Kibali cha kukaa kikiisha, ofisi ya wageni inataka tena uthibitisho wa hela ya mwaka unaofuata. Sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara kwa 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, kwa hiyo mkataba wa saa za kutosha unaweza kuwa ndio uthibitisho wako. Lakini kazi nzuri za kompyuta zinadai Kijerumani. Anza nacho ukiwa Dar, fika angalau A2, ngazi ya pili ya wanaoanza, kisha endelea huko. Na kama umeshafanya kazi miaka miwili baada ya shahada, na haijazidi miaka sita tangu uhitimu, angalia orodha ya kozi za EPOS, ufadhili wa DAAD kwa wanaotoka nchi zinazoendelea, kabla ya yote haya. Ile inalipa posho ya kila mwezi na bima, na maombi hutumwa kwenye kozi yenyewe.