Jibu: Kipindi cha Doctor Who cha kutazama na wazazi Krismasi

Ndugu, umeuliza ni kipindi kipi cha Krismasi cha Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa Uingereza kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Daktari, kitakachowafaa wazazi ambao hawajawahi kuutazama mfululizo huo, kwa kuwa mwaka huu hamwendi mashambani na sikukuu itawakuta Nairobi. Bila kusita, waonyeshe A Christmas Carol, kilichorushwa Uingereza tarehe 25 Desemba 2010, Matt Smith akiwa Daktari. Kile cha mwaka 2005 ni kizuri pia, lakini kinamtaka mtazamaji ajue kwamba Daktari amebadilika sura, na mgeni huachwa njiani mapema.

Hiki cha 2010 kinajitegemea. Tajiri mzee, Kazran Sardick, aliyeigizwa na Michael Gambon, anadhibiti mawingu ya sayari yake na anakataa kuyatuliza ili chombo chenye abiria zaidi ya 4,000 kitue salama. Tazameni kwa makini pale mzee huyo anapokaa mbele ya picha za utoto wake zinazomulikwa ukutani: Daktari anatoka mlangoni, anarudi katika wakati uliopita, kisha anatokea ndani ya picha zile zile, na mzee anaanza kukumbuka mambo ambayo muda mfupi uliopita hayakuwa yamemtokea kamwe. Sijaona kwingine safari ya wakati ikielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kitazameni jioni, pilau ikishaliwa na wageni wakishaondoka, maana ni cha takriban saa moja na kinadai utulivu. Watoto wadogo wakae karibu na mtu mzima samaki papa anayeogelea hewani anapoingia chumbani.