Damu imeshuka baada ya kupandikizwa figo: nipunguze vidonge?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilipandikizwa figo miezi minane iliyopita. Natumia takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni za kutuliza kinga ya mwili isiikatae figo, pamoja na Septrin ya kuzuia maambukizi. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, iko vizuri, ila wingi wa damu umeshuka kutoka 11.8 hadi 9.2. Jirani anasema maikofenoleti ndiyo inayokula damu, nimeze nusu, kisha ninywe juisi ya choya na bitiruti pamoja na unga wa asili wa kuongeza damu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Jirani yako amepatia nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayokuponza. Maikofenoleti haili damu, bali hupunguza kasi ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kutengeneza chembe zake, na Septrin inaweza kuchangia. Kwa hiyo huenda dozi ikapunguzwa kweli, lakini na kliniki yako, ikishapima chembe nyeupe, akiba ya madini ya chuma na kiwango cha takrolimasi. Kama unameza losartani ya presha, itaje. Nayo hushusha damu kidogo.

Kinachonichosha ni hawa wanaokata kidonge usiku wakitegemea damu ipande wiki ijayo. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120. Uboho hauna haraka. Kinga ya mwili ndiyo yenye haraka. Ikipata upenyo hushambulia figo, na mwanzoni husikii lolote: unakula, mkojo unatoka, hadi kipimo kioneshe kreatinini imepanda.

Choya ni nyekundu, basi. Rangi ya glasi haiongezi damu. Bitiruti ina potasiamu nyingi, madini ambayo yakizidi huvuruga mapigo ya moyo, na takrolimasi yenyewe hupandisha potasiamu. Huo unga ndio sitaki hata kuusikia. Muulize muuzaji ni mti gani na una nini ndani, atakuonesha jani lililochorwa kwenye kopo. Ipo mimea inayoshusha takrolimasi mwilini, ipo inayoipandisha, na ipo inayoua figo moja kwa moja.

Wengine hunibembeleza niwaongezee "chupa moja tu" ya damu. Damu ya mtu mwingine inaweza kuuamsha mwili utengeneze kingamwili dhidi ya figo uliyonayo, au ile utakayoihitaji baadaye. Tunaitoa pale tu inapolazimu.

Na ninyi mnaotumia azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga: alopurinoli ya gauti (ugonjwa wa viungo unaopenda kidole gumba cha mguu) ikichanganywa nayo bila dozi kurekebishwa inaweza kuuzima uboho kabisa. Dukani mtaje azathioprini kwanza, kidole gumba kinachouma baadaye.