Kabla hujasema "hao nishawajua" kwenye intavyuu

Nimefanya kazi za HR hapa Dar, nimekaa kwenye intavyuu na mabosi wa maduka, wa malori, wa hoteli, na kuna kauli naisikia sana mlango ukishafungwa: "hao nishawajua". Dada kajibu vizuri kuliko wote ila bosi hamtaki kwa sababu kaolewa juzijuzi, na keshia aliyepita alipata mimba muda mfupi tu baada ya kuajiriwa. Au kijana CV yake inawekwa pembeni kwa jina la ukoo, maana mtu wa kwao aliwahi kukimbia na mauzo.

Hela iliibiwa kweli, sibishi. Ila angalia, akiibiwa na wa kabila lake anasema fulani mwizi, akiibiwa na wa kabila lingine anasema wale ni wezi, na kuanzia hapo haajiri tena hata mmoja, sasa atajuaje kama alikosea? Waaminifu wote wa kabila hilo wanaenda kufanya kazi kwa jirani na yeye kila mwaka anazidi kuamini kitu ambacho hajawahi kukipima tena. Hapo ndo huwa naumia jamani, watu wanakosa riziki kwa kosa la mtu wasiyemjua.

Bosi wa hivi huwa namuuliza, stoo ilihesabiwa lini mara ya mwisho? Wadhamini wa huyo aliyeiba uliwapigia? Mara nyingi unakuta mtu yuleyule anauza, anapokea hela, anafunga hesabu mwenyewe, hapo hata ungemweka mdogo wako. Tenganisha hizo kazi. Na mimba inajulikana miezi kabla, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa hiyo fundisha mtu wa pili kazi ya keshia mapema.

Halafu kwenye intavyuu uliza wote maswali yaleyale, kila anayehoji aandike maksi zake kabla hamjaanza kuongea, na awepo mmoja ambaye hakuwepo enzi za ule wizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, ndoa au ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi tu. Na wewe unayeomba, ukiulizwa utazaa lini, andika swali, tarehe na nani walikuwepo, malalamiko yanapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.